Injini Iliyonyamaza Kwenye Mataa

Afande hakufungua boneti. Alilizunguka gari lile jeupe, akachuchumaa kutazama chini yake, akajifuta mikono, kisha akavuta kiti cha plastiki na kukaa mbele ya watu kana kwamba gari halimhusu.

"Nani aliusikia mlio huu kwanza?" aliuliza.

"Afande, mgonjwa mwenyewe si huyu hapa?" alisema Kipara, mwenye gereji. "Muulize yeye."

"Nitamuuliza. Gari halina haraka ya kunidanganya. Naanza na wenye haraka."

Afande alikuwa mwanamke aliyetumia sehemu kubwa ya utumishi wake katika polisi akichunguza magari yaliyopata ajali. Alipoacha kazi, sare alirudisha lakini cheo kikamganda, na sasa mtu yeyote aliyekuwa na ugomvi juu ya gari alimtafuta Afande. Safari hii aliyemtafuta alikuwa mjane mzee, ambaye wote pale walimwita Mama. Alikaa kwenye kiti cha pili, fimbo imelala magotini.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Gari la familia, aliloliacha marehemu mumewe, lilianza kugonga. Mwanawe mkubwa, fundi bomba mwenye duka lake, alilileta kwa Kipara. Kipara akalisikiliza na kutoa hukumu kwamba konrodi, mkono wa chuma unaoshikilia pistoni, imegonga, injini imekufa. Hukumu hiyo ikazaa nyingine, nayo ilitolewa na fundi bomba mwenyewe: muuaji ni mke wa mdogo wake, mwalimu wa chekechea, maana ndiye anayeliendesha, na ameliendesha bila oili. Lori la mnunuzi wa vyuma chakavu lingekuja alasiri kulichukua. Na hata likinunuliwa gari jingine, alitangaza fundi bomba, shemeji yake hatagusa usukani tena.

Mume wa Mwalimu alikuwa mbali, kwenye ujenzi wa barabara. Alikuwa amesikia habari kwa kaka yake tu. Tangu siku hiyo, akipiga simu nyumbani, alimpigia mama yake. Mkewe hakumpigia.

"Nataka kumjua aliyeiua injini," alisema Mama. "Kama ni mkwe wangu, nitasema hapa hapa. Kama si yeye, nitasema pia."

"Ni mimi niliyeusikia kwanza," alisema Mwalimu. Alikuwa amesimama karibu na tairi la mbele, mikono kifuani.

"Ukoje?"

"Kama mtu anayegonga mlango wa bati kwa ngumi. Ngo, ngo, ngo. Nikiongeza mafuta na wenyewe unaongeza haraka."

"Unaanza lini?"

"Nikiwasha tu."

"Unakoma lini?"

Mwalimu alimtazama shemeji yake. "Kwenye mataa. Nikisimama kusubiri taa, unanyamaza."

Fundi bomba akaangua kicheko. "Umesikia, Afande? Injini inaheshimu sheria za barabarani! Ikiona taa nyekundu inafunga mdomo. Labda inamwogopa trafiki."

"Shemeji, nasema ninachokisikia."

"Hata sisi tumesikia. Gari limesimama hapa hapa, linanguruma, halikunyamaza hata kidogo. Kipara, sema."

Kipara alijikuna kichwa. "Hapa halikunyamaza."

"Na oili?" Afande alimuuliza Mwalimu.

"Naangalia kijiti kila Jumamosi kabla sijawasha. Baba mkwe ndiye aliyenifundisha, Mungu amrehemu."

"Maneno hayo," alisema fundi bomba.

"Mengine ni maneno," alisema Afande, akiinuka. "Hayo yanapimika."

Sasa boneti ilifunguliwa. Afande alichomoa kijiti cha oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Oili ilifika alama ya juu.

"Kaijaza jana," fundi bomba alidakia.

"Inawezekana. Kipara, imwage. Tandika kitambaa cheupe juu ya karai."

Oili ilitiririka nyeusi, ikajichuja taratibu kwenye kitambaa. Wote wakasogea, hata Mama, aliyeinuliwa na mkwewe kwa kiwiko.

"Injini ikikosa oili," alisema Afande, "beringi za konrodi husagika. Chuma kilichosagika hakina pa kwenda. Kinabaki ndani ya oili, kinametameta kama vumbi la fedha. Haya, nionyesheni kinapometa."

Kipara alikigeuza kitambaa kwenye jua upande huu na ule. Hakikumeta kitu. Afande akaagiza chujio la oili likatwe kwa msumeno. Karatasi ya ndani ilikunjuliwa mkunjo kwa mkunjo, nayo ilikuwa na weusi wa kawaida tu.

"Mmeniletea kesi ya kuchomwa kisu," alisema, "na maiti haina hata mkwaruzo."

"Lakini mlio upo," alisema Kipara.

"Upo. Sijasema haupo. Nimesema oili haikukosekana. Tia mpya, uwashe."

Injini ilipowaka, hakuna aliyehitaji kuambiwa asikilize nini. Ngo, ngo, ngo. Mlio mzito, wa chini, unaotikisa hadi kioo cha pembeni. Juu yake ulisikika mwingine mwembamba, tik-tik-tik, na Kipara akaurukia kama mtu aliyeona noti barabarani.

"Huu hapa! Bati la kinga ya ekzosi limelegea!"

Afande alilibana bati kwa koleo. Tik-tik ikakoma palepale. Ngo ikaendelea kama kawaida.

"Huyo ni mwizi wa kuku," alisema. "Mfungeni, lakini siye tunayemtafuta. Toa mkanda wa mbele."

Mkanda ulitolewa, na altaneta, inayochaji betri, pamoja na pampu ya maji vikasimama. Injini ikawashwa kwa muda mfupi tu, isije ikachemka. Ngo, ngo, ngo. Basi altaneta haikuhusika, wala pampu. Mkanda ukarudishwa.

"Sasa twende kwa mtuhumiwa mkuu," alisema Afande. "Konrodi. Kipara, wewe ndiye uliyemtaja. Konrodi mbovu hugonga wakati gani?"

"Moto ukilipuka juu ya pistoni na kuisukuma chini."

"Na moto wa pistoni hiyo ukizimwa?"

Kipara alizitazama nyaya za plagi. "Mlio unapungua. Au unabadilika."

"Ulizima?"

"Sikuzima."

"Zima sasa. Mmoja mmoja."

Kipara alivaa glavu nene, akachomoa waya wa plagi ya kwanza. Injini ikachechemea, ikatetemeka kama mtu mwenye homa, lakini ngo ilibaki ile ile. Akaurudisha, akachomoa wa pili. Ngo. Wa tatu. Ngo. Alipofika wa mwisho alikuwa hasikilizi tena kwa sikio tu, ameinamisha mwili mzima. Ngo, ngo, ngo, bila kupungua wala kuongezeka.

Akazima gari. Akavua glavu.

"Konrodi zote zina ushahidi kwamba hazikuwepo," alisema Afande.

"Nilitakiwa kufanya hivi siku ile ile," alisema Kipara. Hakumtazama mtu. "Gereji ilikuwa imejaa, na huyu bwana aliingia akisema shemeji yake kaendesha bila oili. Nikasikia nilichoambiwa."

"Uliletewa hukumu, ukaombwa uigongee muhuri."

"Ndiyo, Afande."

"Sawa, sawa," alisema fundi bomba, "si oili, si konrodi. Ni nini basi? Jini? Gari linagonga, halifai. Mwenye lori yuko njiani."

"Mwanangu," alisema Mama, "umekuwa kama mtu aliyeahidiwa nyama ya maiti."

Afande alirudi kwenye kiti chake. Ng'ambo ya ukuta mtu alikuwa akipuliza tairi, mashine ya upepo ikikohoa. Hatimaye alisema, polepole, kama anayepanga vifaa mezani:

"Gari ni lile lile. Injini ni ile ile. Hapa limesimama, linanguruma, linagonga. Kwenye mataa limesimama, linanguruma, haligongi. Ama Mwalimu anadanganya, ama kwenye mataa kuna kitu kinachofanyika ambacho hapa hakifanyiki. Mwongo anayetaka kujiokoa hutunga uongo unaoaminika. Angesema mlio umeanza juzi. Angesema kuna mtu aliazima gari. Injini inayonyamaza kwenye mataa? Uongo wa namna hiyo hautungwi na mtu mwenye akili, na Mwalimu akili anazo."

"Asante," alisema Mwalimu.

"Usinishukuru. Ingia ndani ya gari. Washa. Uko kwenye mataa, nyekundu imewaka. Fanya vile unavyofanya siku zote."

"Hapa? Katikati ya gereji?"

"Hapa hapa. Tufundishe kama watoto wako wa chekechea."

Mwalimu aliingia, akafunga mkanda, akawasha. Ngo, ngo, ngo. Akakaa wima, akatazama mbele kwenye ukuta wenye mabaka ya oili kana kwamba ndiyo njia panda. Mguu wake wa kulia ulikuwa kwenye breki. Wa kushoto ukashuka. Mkono ukaingiza gia ya kwanza, tayari kwa kijani.

Gereji ikanyamaza.

Ilinyamaza ghafla kiasi kwamba Kipara aligeuka kutazama kama gari limezimika. Halikuzimika. Injini ilikuwa inanguruma, laini, kama paka aliyeshiba.

"Haki ya nani!" alisema Mama.

"Usiondoke hapo," Afande alimwambia Mwalimu, naye alikuwa ameshapiga magoti mlangoni, macho yakiwa kwenye pedali. "Toa gia. Acha mguu wa kushoto palepale."

Kimya.

"Sasa uinue."

Ngo, ngo, ngo.

"Kanyaga."

Kimya.

"Inua."

Ngo.

Afande alisimama, akakung'uta magoti. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alitabasamu, na meno yake yote yalikuwa upande wa Mwalimu.

"Klachi," alisema. "Ukisubiri taa, wewe huweki gia huru. Unakanyaga klachi hadi kijani. Ni tabia mbaya, inakula klachi, na kuanzia kesho uiache. Lakini leo imekuokoa. Hawa wawili walilisikiliza gari wakiwa wamesimama nje. Nani angekanyaga klachi, kivuli?"

Kipara alikuwa ameshaelewa. Uso wake uling'aa kuliko kichwa. "Ukikanyaga klachi, unausukuma mzigo wa nyuma ya injini. Kama kuna kitu kimelegea kule, kinabanwa, kinatulia!"

"Na nyuma ya injini, mbele ya klachi, kuna nini?"

"Flaiwili."

"Gurudumu zito la chuma, Mama," Afande alimgeukia mjane, "lililofungwa kwa bolti nyuma ya injini. Likilegea linagonga, na kelele zake zinasafiri hadi mbele, mtu akiapa ni konrodi. Injini nyingi nzima zimezikwa kwa kosa hilo. Sasa nina swali moja. Nani aliigusa klachi ya gari hili?"

"Hakuna," fundi bomba alijibu haraka. "Tangu ndugu yangu aondoke, gari hili halijapelekwa kwa fundi yeyote."

"Sikuuliza kama limepelekwa kwa fundi. Nimeuliza nani aliigusa."

"Si nimeshajibu?"

"Wewe," alisema Mama, na fimbo yake ikamnyooshea kidole. "Si wewe uliyelala chini yake uani kwangu, ukatoka umepakaa mafuta kama sambusa? Nikakuuliza, ukaniambia, 'Mama, hizi ni kazi za wanaume'?"

"Ah! Ile klachi tu!" Fundi bomba alirusha mikono. "Ilikuwa inateleza, nikaweka mpya. Nilitaka kumpunguzia mdogo wangu mzigo. Nimefunga mabomba ya ghorofa nzima mimi, hayavuji hadi leo. Nishindwe na klachi? Na klachi na injini wapi na wapi?"

"Lini?"

"Wakati wa likizo ya shule."

"Na mlio, Mwalimu?"

"Wiki tuliyofungua shule."

Kipara alimkodolea macho fundi bomba. "Ulikuja hapa ukanieleza habari ya oili nusu saa nzima, klachi hukuitaja!"

"Hukuniuliza."

"Shusheni giaboksi," alisema Afande.

Kazi hiyo haina njia ya mkato. Gari lilipandishwa juu ya stendi za chuma, magurudumu ya mbele yakatoka, ekseli zikachomolewa, giaboksi ikateremshwa juu ya jeki taratibu kama mtoto anayelazwa. Walikuwa wamefika hapo lori la mnunuzi wa vyuma lilipojipenyeza getini, na dereva wake akaruka chini na mnyororo begani.

"Maiti yuko wapi?" aliuliza kwa uchangamfu.

"Subiri hapo nje," alisema Mama. "Daktari hajatia sahihi."

"Lakini bwana huyu alinipigia simu akasema—"

"Bwana huyu ni mtoto wangu, na gari ni la mume wangu. Subiri nje."

Dereva alimtazama bwana huyu. Bwana huyu alikuwa anatazama viatu vyake.

Klachi ilifunguliwa. Flaiwili ikaonekana, nyeusi na nzito. Kipara aliishika kwa mikono miwili, akaisukuma huku, akaivuta kule. Ikacheza kama jino la mtoto.

"Lete spana," alisema, kisha akabadili mawazo. Alishika bolti ya kwanza kwa vidole vitupu, akaizungusha. Ikatoka bila ubishi. Akaileta kwenye mwanga, na hapo akaganda.

"Afande. Njoo uone kitu."

Uzi wote wa bolti, ile mistari iliyochongwa kuizunguka, ulikuwa umevikwa tepu nyeupe, nyembamba, iliyozungushwa kwa ustadi mkubwa, mviringo juu ya mviringo, bila mkunjo. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu vivyo hivyo. Ilikuwa ni ile tepu ya mabomba, inayofungwa kwenye koki ili maji yasivuje.

Afande aliichukua bolti, akaiweka kwenye kiganja cha fundi bomba.

"Hii ni kazi ya nani?"

Fundi bomba aliigeuza. Mikono yake ilijua kabla ya mdomo. "Kila uzi lazima uvikwe tepu," alisema. "Hiyo ndiyo kazi safi. Usipoweka tepu, kinavuja."

"Hapa kingevuja nini?"

Fundi bomba alianza kuikwangua tepu kwa ukucha.

"Tepu hii inateleza," alisema Afande. "Kwenye bomba ni sawa, maana bomba halizunguki. Hapa kitu kinazunguka mchana kutwa. Bolti hizi zinataka uzi mkavu, gundi ya kuzuia zisilegee, na spana inayopima nguvu ya kukaza. Wewe ulizipaka utelezi, ukazikaza kwa kukisia, ukampa shemeji yako aende na watoto barabarani."

Kipara hakuweza kujizuia tena. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Umetufungia bafu, ndugu yangu! Umeleta bafu kwenye giaboksi!"

Hata Mwalimu alicheka, ingawa macho yalikuwa yamelowa. Mama hakucheka. Alimngojea mwanawe.

"Ni mimi," alisema fundi bomba.

"Masikio yangu ni ya zamani," alisema Mama.

"Ni mimi, Mama. Mimi ndiye niliyeliharibu. Shemeji hakukosa." Alimgeukia Mwalimu, mtu mzima wa kifua kipana, na kwa kitambo hakujua mikono aiweke wapi. "Shemeji, nimekukosea. Nilikuchafua kwa watu bila ushahidi."

"Umenichafua kwa mume wangu," alisema Mwalimu. "Hawa wengine ningewavumilia."

Mama aliinua sauti kuelekea getini. "Wewe mwenye mnyororo! Nenda salama. Mgonjwa ameamka, anaomba uji."

Lori likarudi kinyumenyume. Ndani ya gereji hakuna aliyelisindikiza, kwa sababu Kipara alikuwa ameshalala chini ya gari na taa, akipapasa sehemu inapokaa flaiwili. Matundu yalikuwa mazima. Uzi ulikuwa mzima. Alipotangaza hivyo, Afande hakuridhika hadi naye alipolala chini na kupapasa mwenyewe, bila kujali shati lake safi. Bolti mpya zilitafutwa duka la ng'ambo ya barabara. Matundu yalisafishwa mpaka tepu ya mwisho ikatoka. Gundi ikatiwa, tone kila bolti. Kipara akakaza kwa spana ya kupimia, bolti moja huku, inayoikabili kule, na kila moja ilipofika nguvu yake spana ililia kwa mwaliko mkavu, naye Afande akaitikia, "Naam." Fundi bomba ndiye aliyeshika taa. Hakuna aliyemwamuru. Aliinyanyua mwenyewe, na mara moja tu ndipo alipouliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli, kwa nini zinakazwa kwa kukabiliana. Kipara alimweleza, bila kumcheka.

Klachi ikarudi, giaboksi ikapanda, ekseli zikaingia, magurudumu yakakazwa. Jua lilikuwa limeegemea paa la gereji gari liliposhushwa chini.

Mwalimu alitaka kuingia. Mama akamzuia kwa fimbo.

"Bado. Kwanza simu." Akamtazama mwanawe mkubwa. "Mpigie mdogo wako. Weka sauti kubwa, tusikie wote."

Fundi bomba alipiga. Ilipoitikiwa, nyuma ya sauti ya mdogo wake zilisikika mashine za barabarani.

"Kaka, wamelichukua?"

"Hawakulichukua. Sikiliza. Injini ni nzima. Kilicholegea ni flaiwili, na aliyeilegeza ni mimi, nilipoweka klachi. Nilivika bolti tepu za mabomba. Mkeo hakufanya kosa lolote. Oili ilikuwepo siku zote. Nilikuambia uongo, au tuseme nilikuambia nisichokijua, na ni mamoja."

Mashine zilinguruma upande wa pili. Kisha ile sauti ikauliza, chini kabisa, "Yupo hapo?"

"Nipo," alisema Mwalimu.

"Mke wangu."

"Bee."

"Nina maneno mengi, na hapa nimezungukwa na watu."

"Hata mimi nimezungukwa. Utayasema usiku. Yote."

"Yote," alisema mumewe. Akakohoa. "Na gari? Limepona kweli? Kaka, usinidanganye tena."

"Limepona."

"Liwasheni basi, nilisikie kwa masikio yangu."

Mwalimu aliingia, akazungusha ufunguo. Fundi bomba akanyoosha mkono, akaisogeza simu karibu na boneti. Kipara aliinamisha sikio. Afande alisimama mikono mfukoni, macho juu, kama mtu anayesikiliza wimbo anaoujua. Mguu wa kushoto wa Mwalimu ulikuwa chini sakafuni, mbali na klachi.

Muda ukapita.

"Haya, washeni," ilisema sauti ndani ya simu. "Mnangoja nini?"

Hakuna aliyemjibu, maana walikuwa wameanza kucheka, Mama wa kwanza, fimbo ikigonga sakafu, na Mwalimu nyuma ya usukani akicheka kwa sauti kuwazidi wote.

"Limewaka zamani," alisema fundi bomba.